Mama wa Chipsi Alitaka Kuona Banda

Alikuja Jumanne ya kwanza ya Juni 2024, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuku, nimechuchumaa mbele ya ndoo, nakoroga unga wa OTC, dawa ya kuua bakteria, mpaka maji yageuke njano.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wanaumwa?"

"Hapana, mama. Vitamini tu hizi."

Uongo ule ulinitoka kabla sijaufikiria. Na pakiti yenyewe nilikuwa nimeiacha juu ya tofali, imelala wazi kama kitambulisho.

Alikuwa mteja wangu tangu kuku wangu walipoanza kutaga. Trei tano kila baada ya siku mbili, hakopi, halalamiki. Nilikuwa nikizifunga kwa kamba nyuma ya bodaboda kutoka Naliendele, hapa Mtwara, mpaka kwenye kibanda chake cha chipsi, jirani na stendi ya Mkanaledi. Miezi minane tunafanya biashara, hakuwahi kuona kuku wangu hata mmoja.

"Juzi dereva wa basi la Masasi kaniuliza, mama, mayai haya unatoa wapi? Nikamwambia kwa kijana mmoja Naliendele. Akaniuliza, umeshafika? Nikakosa la kusema. Basi leo nimefika."

Akatoa miwani kwenye pochi, akaokota pakiti, akaigeuza nyuma kwenye maandishi madogo ambayo mimi, nakiri, nilikuwa nimeyasoma mara moja tu kutafuta kipimo cha kuchanganyia. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wameandika mayai yasiuzwe mpaka zipite siku saba tangu dawa imalizike. Dawa umeanza lini?"

"Jumamosi."

"Na yale ya jana asubuhi uliyoniletea?"

Sikujibu. Alirudisha pakiti juu ya tofali, palepale alipoikuta. "Nimewakaangia watu," alisema, tena kwa sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe. Kisha akaaga na kuondoka. Angenitukana ningelala usingizi usiku ule.

Nieleze hesabu ilivyokuwa, si kwa kujitetea, ila kwa sababu wanaoandika kuhusu mabaki ya dawa kwenye chakula mara nyingi hawajawahi kulisha kuku 300. Kuku hao wa kisasa, wakiwa wazima, walinipa mayai kama 240 kwa siku, yaani trei nane. Kwa shilingi 9,000 trei moja, hiyo ni 72,000 kila siku. Siku saba za kumwaga mayai ni zaidi ya nusu milioni, bado hujahesabu siku za dawa yenyewe, na kuku hafungi mdomo kwa sababu mayai yake hayauzwi. Kila mmoja anakula gramu kama 120, wote 300 ni kilo 36 kwa siku. Mfuko wa kilo 50 haumalizi siku mbili.

Na mwezi ule ndio ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Mvua za mwanzoni mwa Mei zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, huko Somanga, na sisi wa Kusini tukagundua upya kwamba tunaishi mwisho wa uzi mmoja. Chakula cha kuku kilichokuwa njiani kilikaa njiani. Nilichanganya mwenyewe nilichopata: pumba, mashudu ya ufuta, dagaa walioanza kuvunda. Kuku walipungua uzito, wakapunguza mayai, halafu wakaanza mafua: macho yamevimba, pua zinatoa majimaji, usiku banda zima linakoroma.

Nikanunua dawa. Hakuna aliyeniuliza cheti wala jina la ugonjwa. Nilitaja dalili mbili, nikapewa pakiti tatu.

Siku tatu baada ya mama wa chipsi kuondoka nilimwita bwana mifugo. Ningemwita kwanza kabla ya dukani, lakini bwana mifugo anauliza maswali na duka halikuulizi. Alipofika hakugusa kuku. Aliingia bandani, akasimama katikati, akaniambia: "Chuchumaa hapo. Kichwa chako kiwe usawa wa kuku. Kaa dakika tano."

Dakika ya pili machozi yalikuwa yananitoka. Ya tatu nikaanza kukohoa. Ile harufu kali ninayoisikia nikiingia na kuisahau nikishazoea, kule chini ilikuwa kama kuchomwa sindano machoni. Ni amonia. Kinyesi cha kuku kikikutana na maranda yaliyolowa, bakteria hukivunja na kutoa hewa hiyo, na hewa hiyo huunguza vinyweleo vidogo vya ndani ya koo ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu visishuke kwenye mapafu. Kuku aliyeunguzwa hivyo, mafua hayahitaji hata kubisha hodi.

Maranda yangu yalilowa kwa sababu chombo kimoja cha maji kilikuwa kinavuja tangu Aprili. Hewa haikutoka kwa sababu kusi ilipoanza kuvuma usiku nilifunika nyavu zote kwa maturubai, nikiogopa baridi na, kusema kweli zaidi, nikiogopa wezi. Na kuku walikuwa wamebanana. Banda langu ni mita 5 kwa 6. Nilifundishwa kuku watano kwa mita moja ya mraba, yaani 150. Banda la pili lilikuwa lijengwe "mwezi ujao", mwezi ujao ambao ulikuwa umeshafika mara sita.

"Hawa hukuwapa dawa ya mafua," bwana mifugo aliniambia akikunja turubai la kwanza. "Umewapa dawa ya kukosa dirisha."

Sentensi hiyo nimeibeba mwaka mzima. Mpaka siku ile nilidhani nina matatizo mawili: kuku wenye shida, na mteja asiyeniamini. Kumbe dawa iliyokuwa kwenye mayai ya yule mama iliingia kupitia turubai lililozuia hewa ya kuku. Alipouliza kuhusu mayai alikuwa anauliza kuhusu kuku, hata kama yeye mwenyewe hakulitamka neno ustawi, na sidhani kama amewahi kulitamka.

Neno hilo tunalo kisheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ni Na. 19 ya mwaka 2008. Mawazo yaliyo nyuma yake yana historia ndefu kidogo: mwaka 1965 huko Uingereza kamati iliyoongozwa na profesa Brambell ilisema mnyama wa shambani apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Fikiria hilo lilihitaji kamati! Mwaka 1979 baraza la ustawi wa wanyama la huko likayapanua yakawa uhuru wa aina tano: kutokuwa na njaa na kiu, kutokuwa na mateso ya mahali pa kukaa, kutokuwa na maumivu na magonjwa, kuishi kwa tabia yake ya asili, na kutokuwa na hofu. Umoja wa Ulaya ukaja kupiga marufuku vile vizimba vitupu vya waya kuanzia Januari 2012, ambamo kila kuku alipewa sentimita za mraba 550. Karatasi ya A4, hiyo ya kuchapia barua ya maombi ya kazi, ina zaidi ya 620.

Nikiwasimulia watu haya hapa Mtwara, jibu huwa lilelile: ndiyo maana tunakula kienyeji. Hapo ndipo ninapobishana.

Bibi yangu alifuga kienyeji Kitangari, juu kwenye uwanda wa Newala. Kuku wake walikuwa na uhuru ambao wangu hawatauona: walichakura chini ya mikorosho, walijigaragaza vumbini mchana, walilala juu ya mti, na kila mtetea alijua kiota chake na bibi alikijua pia. Msimu wa mabibo walinenepa kwa wadudu waliofuata matunda yaliyooza. Lakini uwanda ule hauna maji. Nakumbuka tukinunua maji kwa ndoo, na kuku wakinywa yale yaliyooshea vyombo, kama yapo. Na karibu kila mwaka ugonjwa wa mdondo ulipita. Unaamka asubuhi unakuta saba wamekufa chini ya mti, shingo zimepinda, wengine wanazunguka kama walevi, na jioni hakuna hata mmoja wa kuwika. Bibi aliita "mwaka wa kuku", kana kwamba ni tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa hapahapa nchini na isiyoharibika haraka kwa joto, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Tone moja. Bibi alikufa bila kuiona.

Halafu kuku hao hao walioishi kwa uhuru, siku ya kuuzwa walifungwa miguu kwa kamba ya mgomba, wakaning'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli mpaka mnadani. Kuku hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo. Ukimgeuza, matumbo yake yote yanalalia mahali anapopumulia. Anatulia kwa sababu hana pumzi, nasi tunasema amezoea.

Kwa hiyo kienyeji ni namna ya kufuga, si cheti cha huruma. Hata kiini cha njano wanachokitafuta wateja wangu si ushahidi. Rangi ile inatoka kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Sisi tunalisha mahindi meupe na pumba zake, ndiyo maana kiini kinapauka. Kuku wa kwenye kizimba cha waya akipewa chakula chenye rangi atakutagia kiini chekundu kama jua la Mikindani linapozama. Nimewahi kushauriwa na muuzaji mwenzangu, kwa nia njema kabisa, niloweke mayai yangu kwenye majani ya chai yapate ule uchafu-uchafu wa kienyeji, niongeze bei. Alama yoyote ambayo mteja anaitazama dukani, kuna mtu ameshakaa chini kutafuta namna ya kuiigiza.

Nyama ni hivyohivyo, ingawa huko mimi ni mlaji tu. Kusini hatukuwa watu wa ng'ombe. Mbung'o walituzuia, tukala samaki na mbuzi, na kuku siku ya mgeni. Ng'ombe wengi walikuja baada ya 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu huko Mbeya na kuelekezwa huku, Kilwa, Nachingwea, Liwale. Walikuja na ugomvi wa mashamba, wakaja pia na nyama mabuchani. Sasa kuna siku unanunua kilo moja asubuhi, ukifika mchana nyama bado nyeusi, inanata vidoleni, na jioni imeshaanza kutoa harufu. Muuza nyama mmoja aliniambia, "Hiyo ni ya ng'ombe wa Kisukuma, nyama yao ndivyo ilivyo."

Si kabila la ng'ombe. Ng'ombe huweka sukari ya akiba kwenye misuli yake. Akichinjwa ametulia, sukari hiyo hugeuka asidi, na asidi hushusha pH ya nyama, kipimo ambacho kadiri asidi inavyozidi ndivyo kinavyoshuka, mpaka karibu 5.5 ndani ya siku moja. Hapo nyama inakuwa nyekundu inayong'aa, laini, na inakawia kuoza. Lakini aliyeswagwa kwa miguu siku mbili, akapigwa fimbo, akakesha bila maji zizini na ng'ombe wasiomjua wakipigana pembe, anafika kwenye kisu akiba yote imeisha. pH inabaki juu ya 6, na bakteria hawaombi mazingira mazuri zaidi ya hayo. Mkaguzi atagonga muhuri wake, na ni haki yake, maana ini ni zima na tegu hakuna. Muhuri hausemi ng'ombe alifikaje.

Swali ambalo watu wa kwetu wanauliza bila aibu ni moja: kachinja nani? Wakishajua ni Muislamu na kataja jina la Mungu, wameridhika. Mimi ni wa hapohapo, sibezi. Ila mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kule Mikindani, alitufundisha zaidi ya hapo. Alitusomea hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mungu ameandika ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila jambo, basi mkichinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Akaongeza: usinoe kisu mnyama anakutazama, usichinje mmoja mbele ya mwenzake. Nenda upande wa kuku sokoni asubuhi ya Ijumaa. Wamefungwa miguu wawili wawili, wamerundikwa juani hatua mbili kutoka kwa kijana mwenye kisu butu, na kila mmoja anamwona aliyemtangulia. Bismillahi inasikika vizuri kabisa. Tunauliza ulimi wa mchinjaji, kisu chake hatukiulizi.

Nirudi kwangu, nisije nikaonekana nawasema wengine.

Mayai ya wiki ile na iliyofuata niliyafukia. Nilijaribu kujiambia moto wa kikaango unamaliza dawa, lakini hauimalizi yote, na dawa yenyewe ni ndugu wa zile wanazoandikiwa watu hospitalini. Kila tone linalozunguka ovyo linawafundisha vijidudu kuizoea. Niliuza kuku 120 kwa nusu hasara nikabaki na 180, ambao bado ni wengi kwa banda lile, lakini nilishindwa kukata zaidi. Nilitengeneza chombo kinachovuja. Mpira wa shilingi 500, miezi miwili! Maturubai nikayafanya ya kukunja, yanashuka saa mbili usiku upande wa kusi tu. Nilitandaza maranda makavu, nikawawekea beseni la mchanga na majivu kwenye kona, na mchana wa siku ile ile walipanga foleni kujigaragaza kama watoto baharini. Kudonoana manyoya, ambako mwaka mzima nilidhani ni ukorofi wa mbegu, kulipungua bila mimi kumkata kuku mdomo.

Nikaanza pia daftari. Kila siku: mayai mangapi, waliokufa wangapi, dawa gani, imeisha lini, mayai yanaruhusiwa kuuzwa kuanzia tarehe ngapi. Nikalining'iniza mlangoni kwa kamba, pamoja na kalamu, mgeni yeyote asome. Niliona nimemaliza kazi. Nilimtumia mama wa chipsi ujumbe: karibu banda, hodi yako tu.

Hakujibu. Alikuja wiki ya kwanza ya Julai, na safari hii pia hakupiga simu. Shikamoo, marahaba. Akatoa miwani, akashika daftari, akasoma ukurasa mmoja baada ya mwingine huku mimi nimesimama pembeni najisikia kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema. Alifika ukurasa wa mwisho wa Juni akasimama.

"Mwanangu, Juni ina siku ngapi?"

Niliangalia. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, nadhifu, wino wa rangi moja kutoka juu mpaka chini, palikuwa na tarehe 31 Juni: mayai 131, vifo hakuna, dawa hakuna.

Ukweli ni kwamba wiki mbili za kwanza niliandika kila jioni. Baada ya hapo nikawa naandika nikikumbuka, na jioni moja, kabla tu hajaja, nilikaa na kujaza siku zote zilizobaki kwa mkupuo mmoja, nikikadiria. Hakukuwa na dawa kweli. Vifo kweli havikuwepo. Lakini ile 131 niliitoa kichwani.

"Nilijaza baadaye, mama."

"Naona."

Alilifunga daftari, akaliacha lining'inie. Nilidhani anaondoka. Badala yake alivua kandambili, akazipanga mlangoni kama anaingia sebuleni kwa mtu, akainama na kuingia bandani. Kuku walimpisha kidogo, wakarudi kumdonoa pindo la kanga. Alikwenda mpaka chini ya vyombo vya maji, mahali ambapo mimi ningeficha kama ningekuwa na la kuficha, akachuchumaa. Akavuta pumzi kwa pua. Akachota maranda kwa mkono wa kulia, akayakamua kama mtu anayepima unga, kisha akafungua kiganja.

Yalimwagika, makavu, yakapeperuka.

Alijipangusa mkono kwenye kanga, akainuka akishika kiuno.

"Nipe trei tatu," alisema.

Kawaida yake ni tano.